Picha Tupu Kutoka Ruangwa

Msinicheke ninapojiita mstaafu. Nina miaka thelathini na tatu, magoti yangu hayaumi, na mvi niliyonayo ni moja tu, tena naishuku kuwa ni chembe ya salfa. Lakini mtu akikaa miaka saba akikagua pembe za picha, akitafuta giza lililojificha, anazeeka upande mmoja. Kazi hiyo nimeiacha. Sasa nalima ufuta Naipingo, na ninyi mnaozirithi hadubini zetu za Nachingwea na Ruangwa mmeniomba niwaandikie maelekezo mafupi. Mafupi sina. Nina ninayoyakumbuka, na mengi kati ya hayo ni makosa yangu.

La kwanza: msiiamini picha. Siwaambii hivyo kwa kupenda maneno makubwa. Jicho lina huruma. Ukiinama kwenye hadubini unaona duara jeupe, safi, limeenea mwanga, kwa sababu kichwa chako kinakuficha mapungufu ya taa. Kamera haina huruma hiyo. Inakuonyesha kwamba katikati panang'aa, pembeni pamefifia, na pembe moja ina giza kama jiko la kuni. Taa ikipinda kidogo tu kwenye kishikio chake, giza linahamia upande mwingine, na wewe hujui.

Nani amewahi kupita Lionja wakati wa kuanika makopa? Mkeka ukiwa nusu juani na nusu kivulini mwa mkorosho, ukiupiga picha kwa mbali utaapa kwamba mihogo ya upande mmoja imeoza. Haijaoza. Kivuli ndicho kinachosema uongo. Kusawazisha mwanga ni kukijua kivuli kabla hujaitukana mihogo ya watu.

Nilikuwa na tabia ya kushuku tangu chuo. Mhadhiri akisema maji yamechemka, nauliza kipimajoto kilinunuliwa lini. Rafiki zangu waliniita Hakimu. Nilidhani ni sifa.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mgonjwa anatobolewa kidole kwenye kituo cha afya, damu inapakwa kwenye slaidi, yaani kile kipande cha kioo, inatiwa rangi ili vijidudu vionekane, kisha fundi wa maabara anatafuta vijidudu vya malaria kwa jicho lake. Akimaliza anapiga picha sehemu aliyoitazama, kwa kamera iliyofungwa juu ya hadubini. Picha zinakuja kwangu Nachingwea. Nasawazisha mwanga wake, halafu programu ya kompyuta inahesabu vijidudu. Jibu la jicho na jibu la programu yakipishana mara nyingi, mtu anaulizwa. Liangalieni hilo: anayeulizwa ni mtu. Miaka yote saba sikuona programu ikiitwa ofisini kujieleza.

Aliyenipokea ni Chilumba, fundi wa maabara wa Nachingwea, mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye kalamu mbili mfukoni na moja sikioni. Wiki yangu ya kwanza nilimwita mbio. Kwenye kila picha ya siku ile, chini kushoto, palikuwa na kitu cheusi kilichojikunja. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza jina la kisayansi.

"Dogo," akasema, "umegundua vumbi."

"Una hakika gani?"

"Sogeza slaidi."

Nikasogeza. Damu ikahama, kile kitu kikabaki.

"Sasa legeza kamera, izungushe."

Nikaizungusha. Picha nzima ikageuka, chembe za damu zikaenda kichwa chini, na kile kitu kikabaki palepale chini kushoto, kimetulia kama mwenye nyumba.

"Kiko ndani ya kamera," akasema. "Salfa ya mwaka jana. Watu wanapulizia mikorosho, upepo unaleta, na dirisha letu halifungi. Huyu tumemzoea. Anaitwa Korosho."

Kweli, umbo lake lilikuwa la korosho hasa, na tundu dogo pembeni. Alikuwa amenasa kati ya vioo viwili vya kamera, hapafikiki kwa brashi wala kwa kupuliza. Msimu wa salfa ulileta vumbi jingine juu ya taa na juu ya lenzi, hilo tukalifuta kwa karatasi laini ya lenzi. (Karatasi ya lenzi, nasema. Siyo shati, siyo kanga, siyo pamba ya sindano. Lenzi moja niliikwaruza kwa shati langu la Idi, na kila nikilivaa naona aibu.) Korosho alibaki. Ndiyo maana lazima mjue dawa ya vumbi lisilotoka na ya taa isiyonyooka, kwa kuwa dawa yake ni moja.

Unatafuta mahali kwenye slaidi pasipo na damu. Unaweka tone la mafuta kama kawaida, lenzi ileile, taa kwa kiwango kilekile, kisha unapiga picha ya kioo kitupu. Itatoka kijivu, haina kitu, isipokuwa ina kila kosa la hadubini yako: pembe yenye giza, vumbi, Korosho. Piga kadhaa, ukisogeza slaidi kidogo kila mara, uzichanganye kuwa moja ili takataka za kioo zipotee na makosa ya hadubini yabaki. Halafu chukua kila picha ya mgonjwa na uigawe kwa hiyo. Palipofifia panainuliwa, palipong'aa panashushwa, na Korosho anafutika. Zimeni ile hali ya kamera kujirekebishia mwanga yenyewe, la sivyo mtakuwa mnapima kwa rula ya mpira. Na msitumie ya jana. Balbu ya jana siyo ya leo, hasa umeme ukiwa umekatika usiku.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. Hiyo picha ya kioo niliitafutia jina la Kiswahili mwenyewe, nikaiita picha tupu. Nilijivunia jina hilo. Niliona wasomi wengi wamekaa vitini wakisubiri kamati, mimi nimefanya kwa dakika moja.

Sasa nije Ruangwa.

Hadubini ya Ruangwa ilikuwa mikononi mwa Bi. Somoe, mama mtu mzima aliyeanza kazi ya maabara kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Sikuwa nimewahi kumwona. Chilumba alinipa namba yake, nikamtumia ujumbe nikimwomba picha tupu kila asubuhi. Haikuja. Nikamkumbusha. Kimya. Nikamkumbusha mara ya tatu, kwa adabu zote, na siku hiyo jibu likaja. Lilikuwa na maneno mawili: "Mungu anakuona."

Nililisoma na chapati mdomoni. Mtu unamwomba picha ya kioo, yeye anakutajia Mungu. Kwa nini? Nikalinakili kwenye daftari langu, nikaweka alama ya kuuliza.

Nifanyeje bila picha yake? Nilifikiri hivi: hadubini zote mbili ni za aina moja, zilifika kwenye katoni mbili zilizofanana, ziliwekwa na mtu mmoja. Basi nikachukua picha tupu ya Nachingwea nikasawazishia picha za Ruangwa. Mimi, Hakimu, niliyeuliza umri wa vipimajoto, sikujiuliza hata swali moja.

Haukupita mwezi mapishano yakaanza. Bi. Somoe anaandika mgonjwa ana malaria, programu inasema hana. Leo mmoja, kesho wawili. Chilumba hakupishana na programu hivyo. Nikazifungua picha za Ruangwa moja moja. Pale alipodai ameona vijidudu, mara nyingi chini kushoto, mimi niliona weupe mtupu. Kile kipimo cha haraka cha kidole kilikubaliana naye kwa baadhi ya wagonjwa, lakini kipimo kile huendelea kusema ndiyo siku nyingi baada ya mtu kupona, kwa hiyo nacho nikakishuku. Slaidi zenyewe zilikaa kwake Ruangwa. Nilichokuwa nacho ni picha.

Na nilikuwa na ujumbe. Mungu anakuona. Mtu asiye na cha kuficha hamkumbushi mwenzake macho ya Mungu, ndivyo nilivyowaza. Nikaanza kuunganisha. Anayeandika malaria isiyokuwepo anafungua mlango wa dawa kutoka stoo. Dawa zinakwenda wapi? Nani anazihitaji? Kila swali lilizaa jingine, na nililala vizuri sana, kwa sababu kushuku kunashibisha kama ugali.

Nikamwambia Chilumba.

"Huyo mama umeshamwona?" akauliza.

"Hapana."

"Slaidi yake umeishika?"

"Nimeona picha."

"Basi hujaona kitu, dogo."

Nikaandika daftarini: Chilumba anamtetea. Ni ndugu?

Kisha nikaandika ripoti. Iliandikwa vizuri, ndiyo ubaya wake. Msimamizi wetu, Dokta Tumaini, mwanamke asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, aliisoma mara mbili, akapiga simu Ruangwa. Bi. Somoe akaambiwa asiguse hadubini mpaka sisi twende. Wiki mbili alikaa dirishani akiandikisha wagonjwa majina. Watu aliowapima wao na watoto wao walipita mbele yake wakiuliza, "Bi. Somoe, vipi leo uko huku?" Ikithibitika, alikuwa anapoteza kazi, na jina pamoja na kazi. Kwenye mji kama ule, jina likishaondoka halirudi na basi la kesho.

Tulikwenda asubuhi, mimi na Dokta, kwa gari la mradi. Nilikuwa na kompyuta mapajani kama mtu aliyebeba mayai.

Bi. Somoe alitupokea mlangoni mwa maabara. Koti jeupe, ushungi wa kijani, miwani imefungwa kwa uzi. Akasalimiana na Dokta. Mimi nikainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Hakuitika. Hakujifanya hajasikia, la. Alinitazama vizuri, kuanzia viatu mpaka utosini, kisha akageuka kumwonyesha Dokta kiti. Shikamoo yangu ikabaki hewani. Ninyi mnajua uzito wa jambo hilo. Hata mwizi akiamkia huitikiwa, halafu ndipo anapigwa.

Mimi nikalitia kwenye daftari la kichwani: ana hasira, anajijua.

Dokta akamweleza kwa upole kilichotuleta. Bi. Somoe akasikiliza, akafungua kasha la slaidi, akachomoa moja, akaiweka kwenye hadubini, akairekebisha kwa vidole viwili.

"Dokta, mimi sina maneno. Angalia."

Dokta Tumaini akainama.

"Nawaona," akasema. "Wawili. Huyu wa tatu sina hakika."

"Wa tatu ni chembe ya rangi," akasema Bi. Somoe. "Sikumhesabu."

Nitawaambia ukweli jinsi nilivyokuwa. Nilichofikiri wakati ule ni kwamba slaidi imebadilishwa. Nikaomba kwa sauti ya kiofisi namba ya slaidi ilinganishwe na namba ya picha. Zikalingana. Nikafungua kompyuta, nikaonyesha picha ya slaidi ileile: chini kushoto, weupe.

"Vijidudu viko wapi hapa, mama?"

Bi. Somoe akavaa miwani, akasogea. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuziona picha zake zikiwa zimeshapita mikononi mwangu.

"Weka nyingine," akasema.

Nikaweka.

"Nyingine."

Nikaweka. Alikuwa hatazami damu. Alikuwa anatazama pembe.

"Hii korosho nyeupe ni ya nani?"

"Korosho gani?"

Akaweka ukucha kwenye kioo cha kompyuta. "Hii. Mgonjwa wa kwanza anayo. Wa pili anayo. Huyu mtoto aliyetoka Mbwemkuru anayo, palepale. Wagonjwa wangu wote wamezaliwa na korosho upande wa kushoto?"

Nikaiangalia. Umbo la korosho, na tundu dogo pembeni, jeupe kama karatasi.

Korosho wetu alikuwa mweusi, na makazi yake ni kamera ya Nachingwea. Ukigawa picha kwa doa jeusi ambalo picha hiyo haina, unaliacha likiwa jeupe. Ruangwa hapakuwa na Korosho. Wala giza la chini kushoto halikuwepo Ruangwa. Lilikuwa giza la taa yetu iliyopinda. Mimi nilikuwa nainua mwanga mahali palipokuwa tayari na mwanga, mpaka vijidudu vya watu vikazama kwenye weupe. Miezi ile yote nilikuwa nawasafishia wagonjwa wa Ruangwa vumbi la Nachingwea.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa kurudiarudia. Dokta Tumaini akasubiri nimalize.

"Kwa nini hukutumia picha tupu ya hapa?"

Nikashika kamba ya mwisho iliyobaki. "Mama hakunitumia. Nilimwomba mara tatu."

Bi. Somoe akavua miwani.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilijua ni wewe ulipoingia, sura yako iko kwenye ile namba yako, ila nilisema labda ana pacha." Akatoa simu mfukoni. "Dokta, nilimwonyesha mume wangu. Akataka kuja Nachingwea na pikipiki, nikamzuia. Nikasema namtunzia huyu mtoto ujumbe wake, siku moja atausoma mwenye mamlaka juu yake."

Dokta Tumaini akaipokea simu na kuusoma kwa sauti yake ileile ya vikao:

"'Shikamoo mama. Mimi ni kijana mpya wa Nachingwea, namba yako nimepewa na Chilumba. Naomba kila asubuhi kabla ya kazi unitumie picha tupu. Iwe tupu kabisa, isiwe na kitu chochote. Mwanga uwe wa kutosha. Usinitumie ya jana. Ukishazoea haitakuchukua hata dakika mbili.'"

Akateremka chini kidogo.

"'Mama, bado naisubiri picha tupu. Wenzako wanatuma.'"

Hakuinua macho. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Ya kioo," nikasema. "Picha tupu ya kioo. Mama, wallahi, ya kioo."

"Kioo hukukitaja."

"Sikukitaja."

"Wenzako wanatuma!" akasema Bi. Somoe. "Nikasema, Yallah, Chilumba naye! Na kalamu zake zile!"

Dokta akatoka nje. Tulimsikia akicheka mpaka akakohoa. Bi. Somoe hakucheka. Alinitazama, safari hii usoni.

"Ungepiga simu," akasema. "Dakika moja tu. Mimi ningekutukana, wewe ungejieleza, yangekwisha. Wewe unauliza kila kitu, naambiwa. Mbona mimi hukuniuliza?"

Nikaisogeza kompyuta karibu na hadubini yake.

Tukafanya kazi. Alitafuta sehemu ya kioo isiyo na damu, akatia tone la mafuta, akapiga picha sita akisogeza slaidi kila mara bila mimi kumwambia. Nikazichanganya, nikagawa upya. Pembe ya chini kushoto ikafunguka, na vijidudu viwili vikakaa pale vilipokuwa siku zote. Tukarudia slaidi zote zilizopishana. Kwenye mbili programu ilikuwa sahihi na yeye alikosea, akakubali papo hapo akaandika. Zilizobaki, yeye alikuwa sahihi.

Nikaandika ripoti nyingine. Dokta aliamuru niambatishe ujumbe wangu neno kwa neno, ili anayesoma asipate shaka kosa lilikuwa la nani. Kesho yake Bi. Somoe alirudi kwenye hadubini. Lakini nisiwadanganye kwamba yalifutika yote. Ripoti ya kwanza ilisomwa na watu ambao ya pili hawakuifungua, na mwaka mzima baadaye nilisikia mtu Nachingwea akisema, "Yule wa Ruangwa, si ndiye wa dawa?" Nilimsahihisha. Wangapi sikuwasikia?

Ndugu zangu, shukuni. Sijaacha, na siwaambii muache. Shukuni picha, shukuni taa, shukuni programu zaidi ya yote. Ila mkifika kwa mtu, mwanzo wa uchunguzi ni simu, na mkituma ujumbe mumpe kwanza mtu mzima mwenye haya zake ausome. Siku hizi nimesikia mnaiita picha ya kioo. Vizuri.

Siku ile tulipokuwa tunaingia garini, Bi. Somoe alitufuata mpaka mlangoni. Akamuaga Dokta. Kisha akanigeukia.

"We mtoto. Ile shikamoo yako ya asubuhi."

"Ndiyo mama."

"Marahaba."

Tangu hapo picha yake ilifika kila siku ya kazi, kabla ya ya Chilumba. Siku yangu ya mwisho nilikuwa nafunga mizigo simu ilipolia. Ilikuwa picha ya kijivu, haina kitu, na chini yake ameandika: "Ya kioo. Ya leo. Mungu anakuona."

Niliikuza, nikaikagua pembe zote nne. Juu kulia palikuwa na giza kidogo. Nikampigia simu kumwambia.

"Taa nimeshainyoosha," akasema. "Nilitaka nijue kama bado unaangalia."